Madhara Hayaondolewi kwa Madhara: Somo la Kiota cha Nyigu



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kurasa hizi tumezizoea kwa masomo ya twahara, swala na miamala. Leo naleta somo la kiota cha nyigu. Najua wapo watakaotabasamu. Hata mimi ningetabasamu, kama si usiku mmoja niliokaa kwenye benchi la kituo cha afya, nikimuomba Allah asimchukue rafiki yangu kwa sababu ya kiberiti nilichokiwasha kwa mkono wangu mwenyewe.

Nitaanza na kisa hicho, kisha tuone dini inasema nini, kisha tujifunze kwa utaratibu: nyigu ni nani, lini tumwache, lini tumwondoe, namna ya kumwondoa, na la kufanya mtu akiumwa.

YALIYOTOKEA

Nilikuwa mwaka wa pili. Tulikuwa wanafunzi wanne, tumepanga nyumba ya vyumba viwili Nyamirambo, hapa Kigali, kwenye mteremko ambao nyumba zimebanana, paa la huyu likigusana na ukuta wa yule. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bomba la maji ambapo tulitawadha. Juu ya bomba hilo, upenuni, nyigu walikuwa wamejenga kiota cha ukubwa wa kiganja.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kesho yake ilikuwa siku ya umuganda, na mama mwenye nyumba alikuwa ametuita mapema: "Wanangu, kesho watu watakuja kufyeka na kukata ua pale nyuma. Wale wadudu waondoeni kabla hawajamdhuru mtu." Hakutuambia tuwachome. Hilo lilikuwa wazo letu, na hasa langu mimi.

Baada ya swala ya Isha nilifunga matambara kwenye ncha ya mti mrefu, nikayalowesha mafuta ya taa, nikawasha. Kiota cha nyigu ni karatasi. Kilishika moto mara moja. Lakini nyigu hawakufa wote. Baadhi walianguka mabawa yakiwa yameungua na miiba yao ikiwa mizima. Wengine waliruka gizani wakiufuata mwanga, na mwanga ulikuwa mikononi mwangu. Vipande vyenye moto viliangukia nguo zilizoanikwa, na ubao wa ukingo wa paa ukaanza kufuka moshi. Mdogo wetu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akakimbia na ndoo ya maji na kusimama chini ya kiota kile kile. Aliuzima moto. Akaumwa mara mbili shingoni.

Mwanzoni tulimtania. Dakika chache baadaye akaanza kujikuna viganja vya mikono. Kisha mabaka ya kuvimba yakamtoka kifuani na mgongoni, mbali kabisa na pale alipoumwa. Mmoja wetu akampaka kitunguu. Mwingine akaleta maziwa. Mimi nikatoka mbio kumtafuta ustadh aje amsomee. Nilirudi bila ustadh, nikakuta midomo imevimba na sauti imebadilika, inatoka kama ya mtu aliyekabwa koo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyetuzindua. Alitokea mlangoni, akamtazama mara moja tu, akapaza sauti: "Mnasubiri nini? Mtoto hapumui vizuri! Mpelekeni hospitali!" Jirani akatoa gari lake.

Muuguzi hakuanza na maswali mengi. Alimlaza, akamdunga sindano ya adrenalini pajani, ndipo akaniuliza: "Ameumwa tangu lini?" Nikajibu, "Dakika 10." Sikusema kweli. Ilikuwa inakaribia nusu saa, na niliona haya kuitaja. Alhamdulillah, baada ya muda pumzi zikaanza kurudi. Walimweka chini ya uangalizi mpaka asubuhi.

Kesho yake nilisimama chini ya ule ubao ulioungua, nikahesabu maiti za nyigu. Walikuwa 17. Kwa ajili ya wadudu 17 nilikaribia kumpoteza ndugu yangu na kuunguza nyumba tatu zilizoshikana. Nami ni mwanafunzi wa ualimu wa biolojia. Nilikuwa najua nyigu wako kwenye oda gani pamoja na nyuki na siafu, lakini sikujua la kufanya wakijenga juu ya bomba la kutawadhia.

DINI INASEMAJE?

Wiki ile nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, nikamsimulia yote bila kuficha, hata uongo wa dakika 10. Nilimuuliza, "Sheikh, je, nilifanya dhambi kuua nyigu?" Akaniambia kwamba nimeuliza swali dogo na kuliacha kubwa. Kisha akanifundisha mambo matatu.

La kwanza, kuhusu kuua. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas na kuisimulia Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) alikataza kuua viumbe vinne: sisimizi, nyuki, ndege hudhud, na ndege aitwaye surad. Nyuki yumo, nyigu hayumo. Na kuna kisa mashuhuri cha Imam Shafi'i. Akiwa Makka, aliwaambia watu wamuulize watakalo naye atawajibu kutoka katika Kitabu cha Allah. Mtu mmoja akamuuliza: vipi aliye katika ihram akiua nyigu? Imam akaanza na aya ya 7 ya Surat al-Hashr, inayotuamrisha kuchukua anachotupa Mtume. Akafuatisha hadithi inayotuelekeza kuwafuata Abubakar na Umar baada yake. Akamalizia na riwaya kwamba Umar (R.A.) aliamrisha nyigu auawe. Basi ruhusa ipo kwa mdudu anayedhuru. Lakini ruhusa ya kuondoa madhara si ruhusa ya kuua kwa mchezo. Kiota kisichomdhuru mtu hakina kosa.

La pili, kuhusu moto. Maswahaba waliwahi kuchoma kijiji cha sisimizi. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyefanya vile, kisha akabainisha kwamba kuadhibu kwa moto hakumfalii yeyote ila Mola wa moto. Hadithi hiyo pia imo katika Abu Dawud. Na katika Bukhari kuna habari ya nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao chote kichomwe, Allah akamlaumu kwa kuliangamiza taifa zima kwa kosa la mmoja. Sheikh akanitazama, akasema: "Wewe ulikuwa na njia nyingine kumi, ukachagua ile uliyokatazwa."

La tatu ndilo lililobaki moyoni mwangu. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni kwamba madhara yaondolewe. Wanafunzi wengi tunaijua hiyo na kuishia hapo. Lakini inafuatwa na nyingine: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, sembuse kwa yaliyo makubwa zaidi. Anayeondoa kiota kwa njia inayoweza kuunguza nyumba ya jirani hajaondoa madhara, ameyahamisha na kuyaongeza. Somo lote linalofuata limejengwa juu ya kanuni hiyo.

KWANZA, JUA NI NANI ALIYEJENGA

Sisi Wanyarwanda nyigu tunamjua kwa jina: timu yetu ya taifa ya mpira inaitwa Amavubi, yaani nyigu. Lakini neno moja linabeba wadudu wengi. Kwa Kiswahili pia, huyu atasema nyigu, yule dondora, mwingine mavu, na si kila mara wanamaanisha mdudu mmoja. Usiangalie jina. Angalia kiota.

Kiota cha udongo. Ukiona vijumba vya tope vilivyogandamana ukutani, kwenye kona ya dirisha au nyuma ya kabati, huyo ni nyigu wa udongo. Wako weusi wenye miguu ya manjano na kiuno chembamba kama uzi, wa jenasi ya Sceliphron. Huishi peke yake, jike mmoja na vyumba vyake. Huwinda buibui, huwapooza kwa sumu, huwafungia ndani ya tope wawe chakula cha watoto wake. Halindi kiota kwa kundi, na humuuma mtu kwa nadra, kama vile akishikwa au kubanwa ndani ya nguo. Huyu hana haja ya vita. Subiri tundu litobolewe na mtoto aruke, kisha kwangua tope.

Kiota cha karatasi. Ukiona sega la kijivu lililo wazi, vyumba vinatazama chini, limening'inia kwa kikonyo kimoja upenuni, chini ya meza ya nje au ndani ya ua la miti, hao ni nyigu wa karatasi, kama wa jenasi za Polistes na Belonogaster. Hutafuna nyuzi za mbao kavu, wakazichanganya na mate na kujengea. Huishi kwa jamii, na jamii hulinda watoto wake. Wanaouma ni majike tu. Mwiba wao ni laini, haubaki mwilini, kwa hiyo nyigu mmoja anaweza kuuma tena na tena. Wale 17 walikuwa hawa.

Nyuki. Ukiona wadudu wanaingia na kutoka kwa wingi kwenye tundu la ukuta, darini, au ndani ya shina la mti, na huoni sega la karatasi, hao huenda ni nyuki. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali wanapolinda mzinga, na huwa maelfu. Mwiba wao una vijino kama ndoana, hubaki kwenye ngozi pamoja na mfuko wa sumu, na harufu inayotoka pale, inayofanana na ya ndizi mbivu, huwaita wenzao waje kushambulia pale pale. Mwanafunzi hana kazi na mzinga wa nyuki. Wafugaji wa nyuki, abavumvu, wako katika nchi yetu. Waite wahamishe kundi, uepuke hatari na ubaki ndani ya katazo la Mtume (S.A.W.).

Tahadhari moja kuhusu intaneti. Ukitafuta huko utaona video nyingi za Ulaya na Marekani, za nyigu wakubwa wa jenasi ya Vespa au za nyigu wanaokaa chini ya ardhi, na watu wakimwaga petroli shimoni. Vespa si wenyeji wa nchi yetu. Hata Ufaransa, yule wa Asia aitwaye Vespa velutina alionekana mara ya kwanza mwaka 2004. Usiige vita vya watu wengine dhidi ya mdudu usiye naye.

PILI, JE, NI LAZIMA KUONDOA?

Nyigu wa karatasi hulisha watoto wake viwavi na wadudu wengine. Mwenye shamba la mahindi au maharage ana msaidizi asiyemlipa. Kiota kilichoko juu mtini, mwisho wa uwanja, pasipopita mtu, kiache.

Kiondolewe ikiwa kiko karibu na mlango, dirisha, choo, bomba, mahali pa kuswalia au njia ya watoto; ikiwa kiko ndani ya ua litakalokatwa siku za karibuni; au ikiwa nyumbani kuna mtu ambaye aliwahi kuumwa na mwili wake wote ukaathirika. Huyo wa mwisho asiambiwe "kuwa mwanaume, vumilia." Haki yake inatangulia.

Na kabla hujagusa chochote, mwambie mwenye nyumba na majirani wa pande zote. Nyumba ni yao pia, na watoto wao wanacheza hapo.

TATU, NAMNA YA KUONDOA

Fanya mwenyewe ikiwa tu masharti haya yote yametimia: kiota ni cha karatasi na kiko wazi, hakizidi kiganja, unakifikia ukiwa umesimama chini, si juu ya ngazi wala kiti, hakiko karibu na waya au mita ya umeme, na wewe hujawahi kupata mzio wa kuumwa na mdudu. Sharti moja likikosekana, waite watu ambao kazi yao ni kupulizia dawa za wadudu. Mtu akiumwa akiwa juu ya ngazi, linalomvunja ni kuanguka.

Yakitimia, fuata hatua hizi:

1. Kagua mchana ukiwa mbali. Jua kiota kiko wapi hasa, utasimama wapi, na utarudi kwa njia gani. Ondoa ndoo, kamba za nguo na chochote cha kukukwaza.

2. Ngoja giza liingie kabisa, saa moja au mbili baada ya Isha. Usiku nyigu wote wamerudi kiotani, baridi imewalegeza, na hawaoni vizuri. Ukifanya mchana, walioko mawindoni watarudi wakukute.

3. Watoto na wazee wakae ndani, milango na madirisha vifungwe. Muwe wawili: mmoja afanye kazi, wa pili asimame mbali na simu yenye chaji.

4. Vaa suruali nene, koti la mikono mirefu, viatu vya kufunika, glavu, kofia na kitambaa shingoni. Chomeka suruali ndani ya soksi.

5. Tochi usiishike mkononi. Iweke chini pembeni, mbali na wewe, na uifunike kwa plastiki nyekundu. Wadudu hawa hawauoni vizuri mwanga mwekundu, na wakiruka hufuata mwanga.

6. Tumia maji ya sabuni. Vijiko vichache vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja, ndani ya chupa ya kupulizia inayorusha mbali au pampu safi ya bustani. Sabuni huyafanya maji yashike mwili wa nyigu, yakaingia kwenye matundu anayopumulia na kulowesha mabawa asiruke. Simama kando, si chini ya kiota, kisha loweza bila kusita mpaka kitulie.

7. Ukitumia dawa ya kopo, soma maelezo yake kwanza. Nyingi zina pareto, ua lile linalolimwa kwetu Musanze, au viambato vilivyotengenezwa kwa kuiga pareto. Ni sumu kwa nyuki na samaki pia, basi isiingie kwenye maji. Gesi inayoisukuma huwaka: zima jiko la mkaa na moto wowote wa karibu.

8. Ondoka taratibu, ingia ndani, lala. Usirudi kutazama.

9. Asubuhi, ukiwa umevaa vile vile, hakikisha pametulia. Angusha kiota kwa mti mrefu, kifunge mfukoni au kifukie. Usikanyage nyigu kwa miguu mitupu, hata aliyekufa mwiba wake unaweza kuchoma. Kwangua kikonyo, osha mahali pale kwa sabuni.

Na haya usiyafanye kabisa: usichome moto, usimwage petroli wala mafuta ya taa, usirushe mawe, usipige kwa fimbo kiota kilicho hai, usizibe tundu ambalo wadudu wamo ndani. Wakizibiwa nje watatafuta njia ya kutokea chumbani.

Miezi miwili baada ya usiku ule, nyigu walirudi upenuni pale pale. Safari hii tulitumia chupa ya maji ya sabuni. Mdogo wetu alikaa ndani, dirisha limefungwa, na yeye ndiye aliyeandika hatua kwenye karatasi na kutuhoji moja baada ya nyingine kabla hajaturuhusu kutoka. Kazi ilichukua dakika chache. Hakuumwa mtu, na jirani hakujua kama kuna lililofanyika mpaka tulipomwambia asubuhi.

Bora kuliko yote hayo ni kuzuia. Kiota huanza na jike mmoja au wachache na vyumba vichache, hakizidi sarafu. Kikionekana wakati huo, majike wakiwa hawapo, ncha ya ufagio inatosha. Sisi tumeifanya iwe desturi: kila umuganda ukimalizika, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunaizunguka nyumba tukitazama upenu, ua, choo na chini ya meza ya nje. Matundu ya ukutani tunayaziba kwa saruji, baada ya kuhakikisha hayana mkazi. Na takataka tamu, maganda ya ndizi na chupa za soda, hazilali wazi.

NNE, MTU AKIUMWA

Kwanza ondokeni mahali pale. Usipunge mikono, funika uso, tembea haraka uingie ndani. Kama ni nyuki wanaofukuza, kimbia bila kusimama mpaka uingie ndani ya nyumba au gari, wala usijitose majini.

Kama kuna mwiba ulioachwa, utoe upesi kwa ukucha au kadi. Upesi ni muhimu kuliko mbinu. Vua pete na saa kabla ya uvimbe. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, meza dawa ya maumivu. Dawa za mzio husaidia muwasho. Maumivu na uvimbe wa pale pale ni jambo la kawaida, hata ukidumu siku mbili tatu. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa.

Sasa soma sehemu hii mara mbili, kwa sababu ndiyo ambayo sisi hatukuijua. Kwa baadhi ya watu, mwiba mmoja tu huuamsha mwili wote ujishambulie. Madaktari huita mshtuko wa mzio. Dalili zake ni hizi: mabaka au muwasho mbali na palipoumwa, midomo, ulimi au uso kuvimba, sauti kukwaruza au koo kubana, kupumua kwa shida au kwa mluzi, kutapika au tumbo kunyonga, kizunguzungu, jasho baridi, kuzimia. Huanza ndani ya dakika chache, na huua kwa dakika.

Ukiona dalili hizo, piga 912, namba ya gari la wagonjwa hapa Rwanda, au tafuta gari mara moja. Mlaze mgonjwa chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mwache akae. Akizimia au kutapika, mlaze ubavu. Usimsimamishe ghafla, usimtembeze, wala usimpakie kwenye pikipiki, anaweza kuzimia njiani. Dawa yake ni adrenalini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mzio havishiki nafasi ya adrenalini, wala maziwa, wala kitunguu. Hata akipata nafuu lazima abaki chini ya uangalizi, maana hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na ukiulizwa ameumwa lini, sema kweli.

Mpelekeni hospitali pia, hata bila dalili hizo, aliyeumwa mara nyingi, aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni, na mtoto mdogo aliyeumwa zaidi ya mara chache.

Na ruqya? Ruqya ni haki na dua ni silaha ya muumini. Kosa langu halikuwa kutaka asomewe. Kosa langu lilikuwa kumwacha akisubiri. Dua inasomeka ndani ya gari.

HITIMISHO

Ndugu zangu, mwili ni amana na jirani ni amana. Tukiwa wanafunzi tunapenda jambo limalizike usiku huu huu, kwa njia yenye kelele na ya kusimuliwa. Kiota cha nyigu kilinifundisha kwamba kuna haraka mbili. Ile ya kuwasha kiberiti ilikuwa ya shetani, na ile ya kumfikisha mgonjwa kwa muuguzi ilikuwa wajibu. Nilikimbilia ya kwanza nikachelewa ya pili.

Mdogo wetu sasa yuko mwaka wa tatu. Ile karatasi ya hatua ameibandika nyuma ya mlango wa chumba chetu, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: 912. Nawaomba kila nyumba ya wanachama wetu iwe na karatasi kama hiyo kabla ya umuganda ujao.

Maswali ya kujadili katika halaqa:

1. Toa mifano miwili ya maisha ya hosteli ambapo watu huondoa madhara kwa madhara makubwa zaidi.
2. Kwa nini hukumu ya nyuki haiwi sawa na ya nyigu, na hilo linabadilisha vipi namna ya kuwaondoa?
3. Taja dalili tatu za mshtuko wa mzio na jambo la kwanza utakalofanya.
4. Katika chumba chako, ni nani mwenye mzio wa kitu chochote? Kama hujui, muulize leo.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.